Jina Juu ya Sabili

Pale mjini Ain Tarfa hakuna anayekunywa maji ya sabili, bomba la bure la uwanjani, akaondoka kimya. Unafungua bomba, unajaza kikombe cha bati kilichofungwa kwa mnyororo, unakunywa, unafuta mdomo, kisha unamwombea rehema yule aliyeandikwa juu ya bomba. Hiyo ndiyo bei ya maji na hakuna nyingine. Mtoto akisahau hupigwa kikofi cha kisogoni na mtu mzima yeyote aliye karibu, awe wake asiwe wake. Na kwa kuwa juu ya bomba palichongwa kwenye marumaru, kwa herufi za kijani, jina la Mongi Sfaihi, Mkuu wa Wilaya, basi tangu asubuhi hadi magharibi uwanja mzima ulikuwa ukimwombea Si Mongi, kama walivyomwita kwa heshima: wauza pilipili, wachunga kondoo, akina mama na vikapu vyao, hata walevi, ambao kwa kweli ndio waliomwombea kwa machozi zaidi.

Jambo jingine ni kwamba uongo hausemwi pale. Watu wakigombea kuku au mpaka wa mizeituni, huletwa sabilini, hupewa kikombe, na kila mmoja huambiwa aseme maneno yake kisha anywe. Wanaamini kwamba atakayedanganya na maji yale mkononi atayakosa Siku ya Kiyama, siku ambayo kila mtu atayahitaji. Nimewaona wezi sugu wakirudisha kuku wa watu kwa kuogopa kikombe cha bati.

Mwalimu Neziha alifundisha hesabu katika shule iliyopakana na uwanja huo. Dirisha la darasa lake lilitazamana na sabili, na wakati wa joto huwezi kufunga dirisha Ain Tarfa ukabaki mzima. Kwa hiyo katikati ya kugawanya na kuzidisha alisikia, "Mungu amrehemu Si Mongi," na tena, "Mungu amrehemu Si Mongi," na kila aliposikia alichukia upya, chuki mbichi kabisa.

Maana Si Mongi huyohuyo ndiye aliyemchukua kaka yake. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka ule serikali ilipopandisha bei ya mkate na watu wakaingia barabarani nchi nzima. Lazhar alikuwa na miaka kumi na tisa, anajifunza useremala, mdomo wake haukosi wimbo wala matani. Alionekana mara ya mwisho akipandishwa ngazi za ofisi ya mkuu wa wilaya pale uwanjani, askari huku na askari huku, kiatu kimoja tu mguuni. Hakuna aliyemwona akishuka. Hapakuletwa maiti, hapakuonyeshwa kaburi, na kila aliyeuliza aliambiwa kijana alishaachiliwa, labda amevuka mpaka kwenda Libya kutafuta kazi. Kisha, baada ya miaka michache, Si Mongi akavuta mabomba kutoka mlimani, akajenga sabili katikati ya uwanja, na wanawake waliokuwa wakiteka maji kwa punda tangu utotoni wakalia kwa furaha. Akafa kitandani kwake, akazikwa kwa heshima zote. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu: damu ilikuwa ya kweli, na maji nayo yalikuwa ya kweli.

Mama yao, Bi Hadda, hakuwahi kuonja tone la maji yale. Alikunywa ya mvua, yaliyokusanywa katika kisima cha chini ya ua wake, na mvua ikigoma aliomba kwa majirani wenye visima vyao. Na alikuwa na sheria moja ambayo mtaa mzima uliijua. Ukimtaja Lazhar mbele yake usiseme "Mungu amrehemu." Rehema hiyo ni ya wafu. Sema "Mungu amrudishe." Wageni walifundishwa mlangoni kabla ya kuvua viatu. Kila Idi ya kuchinja alikausha nyama kwa chumvi, akaihifadhi kwa mafuta ya zeituni, na fungu la Lazhar akaliweka katika mtungi wake peke yake. Idi ya pili ikifika naye hajarudi, fungu lile hupewa maskini na jipya huingia mahali pake.

Neziha alikuwa na miaka kumi na minne mtungi ule ulipojazwa mara ya kwanza. Sasa alikuwa karibu kutimiza hamsini, na alikuwa amechoka. Hakumwambia mtu hilo, hata marehemu mumewe. Alimpenda kaka yake na alitaka kumlilia. Alitaka siku moja aketi chini kama mfiwa, majirani walete kuskusi, wamshike mabega, wamwambie pole, kisha kesho yake aamke akiwa na msiba badala ya kungoja. Lakini huwezi kumlilia mtu ambaye nyama yake iko mtungini.

Mapinduzi yalipokuja, picha za rais zilishushwa siku moja na majina ya barabara yakabadilishwa katika miji mikubwa. Ain Tarfa hakuna aliyegusa sabili, maana nani angegusa maji? Ilibidi uje uchaguzi wa madiwani, Neziha agombee, ashinde, apige kelele mwaka mzima, hoja yake ya kuliondoa jina la Mongi Sfaihi iahirishwe mara mbili, ndipo ikafika mezani. Na kanuni ya baraza ilikuwa wazi: ikiahirishwa mara ya tatu, imekufa.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Meya, Bwana Ridha, alikuwa mfamasia mpole aliyeogopa ugomvi kuliko ugonjwa. Aliyetawala meza ile hasa ni Haji Beshir, mwenye mkahawa mkubwa wa uwanjani, mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia nyekundu iliyoinama upande mmoja. Ujanani alikuwa dereva wa Si Mongi, na leseni ya mkahawa aliipata kwa mkono wa Si Mongi. Hakulificha hilo hata siku moja.

"Kabla ya Si Mongi," alisema Haji Beshir, "mama yangu alikuwa anatoka alfajiri na punda kwenda kisimani, na punda alikuwa anapumzika kuliko yeye. Leo mnataka nimfute mtu aliyempumzisha mama yangu?"

"Huyohuyo aliyempumzisha mama yako ndiye aliyemnyima wangu usingizi," Neziha alijibu.

"Mwalimu, wewe unafanya hesabu ya kutoa. Mimi nafanya ya kujumlisha."

Watu wakacheka. Neziha akangoja wamalize.

"Haya, jumlisha basi, Haji. Kijana mmoja ni mabomba mangapi?"

Meya akasema "jamani, jamani," bila kumtazama mtu. Haji Beshir aliegemea kiti, akavua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Alipoirudisha kichwani sauti yake ilikuwa laini, na waliomfahamu walijua kwamba akiwa laini ndipo wa kuogopwa.

"Mimi si mtu wa fitina. Liondoeni. Lakini sabili isiyo na jina ni sabili gani? Watu wamwombee nani, bomba? Ukitoa jina unaweka jina. Na jina tunalo, la shahidi wa mji huu, kijana wetu sote. Wekeni la Lazhar. Mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono." Akamgeukia Neziha, akatabasamu. "Ila Mwalimu aende akaulize nyumbani kwanza."

Neziha aliuona mtego mzima, mlango wake na kufuli lake. Jina la sabili ni la kuombewa rehema, na rehema ndiyo neno pekee lisilotamkwa nyumbani kwake. Akisema anakwenda kuuliza, hoja inaahirishwa, inakufa, na Si Mongi anaendelea kuombewa na walevi mpaka mwisho wa dunia. Akikubali, anamzika kaka yake bila idhini ya mama yake. Na ndani kabisa, mahali asipopenda kupatazama, kitu kilimwambia: kubali, hatimaye utalia.

"Hakuna haja ya kuuliza," alisema.

Mikono ikainuka. Wa Haji Beshir, ulioahidiwa kuwa wa kwanza, uliinuka wa mwisho.

Bi Hadda alikuwa uani, ameketi juu ya ngozi ya kondoo, anaviringisha kuskusi kwa viganja ndani ya ungo. Neziha alisimama mlangoni, akamweleza yote haraka haraka kama mtoto aliyevunja kitu. Viganja vya mama havikusita.

"Watakunywa akina nani?" mama aliuliza.

"Watu wote, mama."

"Wakishakunywa watasema nini?"

Neziha akainama kuvua viatu.

"Wewe ni mwalimu, mimi sijui hata kuandika jina langu. Nakuuliza swali dogo. Wakishakunywa, watasema nini?"

"Wanachosema siku zote."

"Kiseme nikisikie."

"Mama, tafadhali."

"Huwezi," Bi Hadda alisema. "Yule alimchukua mwanangu mara moja. Wewe umenitafutia mji mzima umzike kila siku, midomo imejaa maji."

Hapo Neziha alishindwa kujizuia. "Na mimi je? Mimi nimemngoja na nani? Nilikuwa msichana, mama. Nimezeeka nikitazama mtungi. Kila Idi unatoa nyama ya mtu asiyekuja na kuweka nyama ya mtu asiyekuja. Nataka kulia mara moja tu, nimalize."

"Lia. Nani kakuzuia?" Sauti ya mama haikupanda. "Lakini usinililie mtu usiyejua alipo. Aliyemwona amekufa na aje aniambie. Mpaka leo hajaja." Akapepeta ungo kidogo. "Nani alileta hilo wazo la jina?"

"Haji Beshir."

Sasa viganja vikasimama. "Beshir wa Si Mongi?"

"Ndiye."

"Alimwitaje Lazhar? Nataka neno lenyewe."

Neziha alifikiri. "Alisema shahidi. Shahidi wa mji huu."

"Shahidi," mama alirudia taratibu, kama anayeonja chumvi ya mchuzi. Shahidi ni aliyekwisha kuuawa, si aliyepotea. Kwa miaka yote ile Haji Beshir, kila alipopita mlangoni Idi kutoa salamu, alisema Mungu amrudishe kama watu wengine. Bi Hadda alikung'uta unga mikononi. "Siku ya kulifunua jiwe nitakuja."

"Mama, hujakanyaga uwanjani tangu..."

"Nimesema nitakuja."

Baada ya hapo hakuzungumza na binti yake tena, siku baada ya siku, ila kwa mambo ya chumvi na mkate. Neziha aliogopa. Akilini alimwona mama yake akiparua jiwe kwa kucha mbele ya mji mzima, akamwona akianguka, akamwona akimlaani yeye bintiye na maji ya sabili mkononi. Hofu ilipomzidi alikwenda mkahawani kwa Haji Beshir, saa ya mchana ambapo wanawake hawaingii pale, na wanaume wakaacha kupiga karata.

"Haji, nataka tuirudishe hoja."

"Irudishe." Alikuwa anafuta glasi. "Si Mongi atakushukuru huko aliko. Jina lake litabaki, na hoja ya pili hutaiona tena mpaka wajukuu zangu wawe madiwani. Nilikuambia uulize nyumbani kwanza, ukajifanya mwanamume."

"Mama anakuja siku ya kufunua."

Glasi ikaacha kuzunguka. "Bi Hadda? Aje hapa uwanjani?"

"Hapa. Hajafika tangu siku ile alipochukuliwa Lazhar. Wewe ulikuwepo siku ile."

"Nilikuwa gerejini, nimelala chini ya gari. Nimelisema hilo mpaka gari lenyewe limechoka kunisikiliza." Wacheza karata walicheka kidogo, na yeye hakucheka. "Mwambie asije. Jua ni kali, na yule ni mtu mzima."

"Mwambie wewe, Haji."

Haji Beshir aliendelea kuifuta glasi ile ile. Hakwenda kumwambia.

Jiwe lilifunuliwa siku ya soko, baada ya sala ya alasiri. Lile la zamani lilikwisha kung'olewa na kuegemezwa ukutani, uso wake umegeuziwa ukuta, na mtu mmoja mzee alikuwa amesimama karibu nalo akilitazama kwa huzuni ya kweli. Mke wake alijifungulia njiani kwenda kisimani enzi za punda, na Si Mongi kwake alikuwa ni Si Mongi. Simcheki mzee yule. Lakini hakuna aliyemjali siku hiyo, maana macho yote yalikuwa kwenye kitambaa chekundu kilichofunika marumaru mpya. Desturi ni kwamba sabili ikipewa jina, ndugu wa mwenye jina hunywa kwanza, na dua atakayoitoa ndiyo watakayoifuata wanaomfuatia.

Bi Hadda alikuja amejifunga melia yake, lile shuka jekundu lililoiva ambalo wanawake wa kule hulivaa kwa harusi na sherehe, na mkononi alishika bakuli la shaba kutoka nyumbani. Uwanja ulimpisha. Wauzaji walizima redio zao. Neziha alitembea nyuma yake.

Meya alianza hotuba, akamwona yule mama amekwisha simama mbele ya bomba, akaikunja karatasi na kuvuta kitambaa. Herufi zilikuwa za kijani, kama za mwanzo.

"Ndilo?" Bi Hadda aliuliza bila kugeuka.

"Ndilo, mama. Lazhar Gharsalli."

Mama alilitazama jina asiloweza kulisoma. Hakuligusa. Alikisukuma kando kikombe cha mnyororo, akajaza bakuli lake, akanywa yale maji kwa mara ya kwanza maishani, akameza, akafuta mdomo.

"Mungu amrudishe Lazhar," alisema.

Watu wakaguna. Hapakuwahi kuwa na sabili ya namna hiyo, ya kumwombea mtu arudi. Meya alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona kwamba desturi haimwachii njia. Akanywa. "Mungu amrudishe Lazhar," alisema, na baada yake diwani wa pili, na wa tatu. Watu waliipenda. Ilikuwa ni heshima kwa mama mzee, na haikuwagharimu kitu. Muuza pilipili aliisema kwa sauti kubwa hadi kondoo wakastuka.

Neziha peke yake ndiye aliyeona kilichotokea. Alikuwa ametafuta jiwe la kumlilia kaka yake, na mama alikuwa ameligeuza jiwe la kumngojea. Sasa si nyumba moja tena itakayongoja, ni mji mzima, asubuhi hadi magharibi, chini ya dirisha la darasa lake, mpaka atakapokufa yeye mwenyewe. Zamu yake ilipofika alikuwa na hasira na alikuwa na huruma, na hakujua ipi ilikuwa ya nani. Akanywa, akasema, "Mungu amrudishe Lazhar," na akasogea kando.

Nyuma yake alikuwa Haji Beshir.

Alikipokea kikombe, akakijaza. Akakiinua mpaka kidevuni, kikaishia hapo. Jasho lilikuwa limeiloweka kofia yake pembeni. Maji yalianza kumwagika kidogo kidogo juu ya viatu.

"Haji, hayo ni maji, si dawa ya minyoo," mtu alisema kwa nyuma, na kicheko kikaanza, kikafa.

"Nitakunywa baadaye," alisema Haji Beshir. "Tumbo haliko sawa."

"Kunywa, Beshir mwanangu," alisema Bi Hadda. Alikuwa hajaondoka pale mbele ya bomba. "Kunywa, useme kama walivyosema wenzako. Meya kasema. Hata binti yangu kasema, na yeye hataki."

Neziha alimtazama mama yake, akaelewa kwamba aliyekuwa akingojwa pale siku ile hakuwa Lazhar.

Haji Beshir alikigusisha kikombe mdomoni. Akafungua kinywa. "Mungu," alisema, na akasimama. Akajaribu tena. "Mungu am..." Akakishusha.

"Siwezi, Bi Hadda."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kumwomba Mungu jambo hilo. Na maji haya mkononi, siwezi."

"Kwa nini?"

Haji Beshir alikuwa akiutazama mnyororo wa kikombe, pete kwa pete, kama mtu anayetafuta pale ulipokatika. Hakuna aliyemsaidia. Wanaume waliokunywa kahawa yake maisha yao yote walisimama wakimtazama, na hakuna hata mmoja aliyesema "jamani."

"Mungu amrehemu," alisema Haji Beshir.

Lilisemwa polepole lakini uwanja mzima ulilisikia. Neziha alingoja mama yake apige kelele. Bi Hadda alisimama tu, bakuli kifuani, na alipouliza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizia njia.

"Yuko wapi?"

"Makaburini kwa Sidi Amor. Nje ya ukuta, upande wa nyuma, penye dungusi kubwa. Halina jiwe." Maneno sasa yalimtoka yenyewe. "Mimi niliendesha gari tu, Bi Hadda. Nilikuwa kijana, nikaambiwa endesha, nikaendesha. Alikuwa ameshakufa waliponiita, wallahi, ameshakufa."

"Alikuwa amevaa viatu?"

Haji Beshir alifunika macho kwa kiganja. "Kimoja."

Bi Hadda aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea kitu alichokiagiza zamani.

"Nilimsomea Fatiha," alisema Haji Beshir. "Wao walirudi garini, mimi nikabaki nikamsomea."

"Na baada ya hapo ukaja kunipa salamu kila Idi," alisema Bi Hadda, "ukasimama mlangoni kwangu, ukaniambia Mungu amrudishe."

Bi Hadda aligeukia bomba, akajaza bakuli mpaka ukingoni, kwa maana makaburi ya kwetu hunyweshwa maji.

"Tangulia, utuonyeshe," alimwambia, na Haji Beshir, kofia mkononi, akatangulia. Watu wakajipanga nyuma bila kuambiwa. Neziha alimshika mama yake kiwiko. Walipiga hatua chache kisha mama akasimama, na umati wote ukasimama.

"Haya, sema sasa," mama alisema.

"Niseme nini, mama?"

"Ulichokuwa unataka kusema."

Neziha alikuwa amelitamani neno lile tangu alipokuwa msichana, na sasa alilia kabla halijatoka.

"Mungu amrehemu Lazhar," alisema.

"Amina," alisema Bi Hadda. Akaweka kiganja juu ya bakuli maji yasimwagike, akaanza tena kutembea. "Na ile nyama ya mtungini, tukirudi uipike. Tutakuwa na watu."